Upande wa Utingo

Mwanamume akianza kujikwaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, msimcheke. Wala msikimbilie kusema kalewa. Katika nyumba hii walicheka, wakanung'unika, halafu wakazoea, na kuzoea ndiko kulikowaponza.

Baba wa nyumba alikuwa dereva wa gari la mikate. Madereva wenzake walimwita Darubini, kwa kuwa aliweza kusoma namba ya gari la trafiki likiwa bado mbali, dogo kama kiberiti, akawatonya wenzake wafunge mikanda. Jina lilimpendeza. Mkewe alikuwa fundi cherehani, kazi akiifanyia pale pale sebuleni, na siku hizi tundu la sindano lilikuwa limeanza kumkimbia. "Hebu Darubini, nitungie uzi." Naye alitunga mara moja, hata mate hakutia, akamrudishia sindano kwa maringo.

"Macho haya Mungu aliyaumba asubuhi, akiwa na nguvu. Yako aliyalipua jioni, amechoka."

"Na mdomo huo je, aliuumba saa ngapi?"

"Huo aliuacha wazi, akasahau kuufunga."

Lakini mtu huyo huyo aliyetunga sindano alikuwa akilipiga teke beseni la maji lililokaa pale pale linapokaa siku zote. Ndoo, stuli, mkoba wa shule wa kitindamimba, vyote vilionja mguu wake, na kila akipiga teke aligomba.

"Nani kaweka hiki kitu njiani?"

"Si njiani, baba. Ni pembeni."

"Pembeni pa nani?"

Bega lake la kushoto halikuisha chubuko la fremu ya mlango. Chai akiwekewa upande huo aliiangusha kwa kiwiko. Mkewe alifuta meza akisema moyoni kwamba uzee wa mume huyu umekuja na fujo, na akamwekea chai mbele, katikati, ili yaishe. Hivyo ndivyo mke anavyoficha ugonjwa bila kujua kwamba anauficha.

Kisha ukaja msiba wa jirani. Watu walipokuwa wakitoka kuzika, Darubini alisimama akizungumza na mwenzake, na Bibi wa Kona akamjia kwa ubavuni, akamnyooshea mkono wa pole. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye duka dogo kwenye kona, na gari la mikate lilikuwa likimshushia mikate kila asubuhi. Darubini hakuupokea ule mkono. Alimaliza neno lake, akageuka, akaenda zake. Bibi wa Kona alibaki na mkono hewani kama mtu anayesikilizia kama mvua imeanza kunyesha. Wote waliona. Alicheka, akaupangusa mkono kwenye gauni, akasema, "Haya. Mkate wangu anauleta, mkono wangu haumfai." Kufika jioni maneno hayo yalikuwa yameshazunguka mtaa mzima.

"Mkono gani?" Darubini aliuliza alipoulizwa nyumbani. "Yule mama hakunipa mkono."

"Nimeuona mimi, nimesimama pale!"

"Basi macho yako mabovu yameanza kuona mikono isiyokuwepo."

Mkewe alimtaka aende kuomba radhi. Alikataa katakata. Ataombaje radhi kwa kosa ambalo hakulitenda? Na kwa kweli hakuwa akidanganya, hilo ndilo baya lenyewe. Tangu siku ile Bibi wa Kona akawa anapokea mikate yake kimya, na salamu anampa utingo peke yake.

*

Utingo wa gari lile alikuwa shemeji yake Darubini, kaka mdogo wa mkewe, mtu mzima mwenye watoto wake. Kazi ya utingo ni kupakia, kushusha, na kukaa kiti cha kushoto amtazamie dereva njia ya upande ule. Huyu alikuwa akiimba kutwa nzima, hata hajisikii tena kwamba anaimba. "Kushoto safi! Baiskeli, baiskeli, mpe nafasi. Haya pita. We mama, sogea! Safi, safi, beba!"

"Unapiga kelele kama mnada," Darubini humwambia.

"Shemeji, mimi ndiye ninayeona, wewe unazungusha usukani tu. Lakini anayeitwa dereva ni wewe."

"Nyamaza. Ukoo wenu nimeutua mzigo mkubwa."

"Mzigo umeuchukua kwa hiari yako, na ukasema asante."

Walicheka hivyo miaka nenda miaka rudi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba ule mzaha ulikuwa kweli tupu.

Wakati wa kuhuisha leseni ulipofika, Darubini alivaa shati la kutokea, akaenda ofisi ya leseni. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamekaa kwenye benchi wakifundishana uongo. Ukutani mwa chumba cha kupimia kulikuwa na bango la herufi, juu kubwa, chini ndogo kama sisimizi. Kijana aliyemtangulia alikwama katikati ya bango akarudishwa nyumbani kutafuta miwani. Darubini akaitwa.

"Ziba jicho la kushoto. Soma." Akasoma mpaka mstari wa chini. "Ziba la kulia." Akasoma tena mpaka chini, halafu, kwa sifa tu, akaendelea na maandishi yaliyokuwa pembezoni mwa karatasi, jina la kiwanda kilicholichapisha lile bango.

Mpimaji akasogea kulitazama bango kwa karibu. "Mzee, hayo hata mimi sikujua kama yapo. Ungekuwa na macho ya akiba ningekuomba moja." Chumba kizima kikacheka. Mhuri ukagongwa. Hakuna aliyekaa mbele yake akamuuliza anaona nini pembeni. Bango lilikuwa mbele, akatazama mbele, akaona mbele.

Alirudi nyumbani akijipiga kifua, mkewe akamwandalia chakula cha sherehe. Haukupita muda mrefu, Tajiri wa kiwanda cha mikate akawaita madereva uani, akawaambia kwamba unga umepanda, mafuta yamepanda, na yeye hawezi kulisha watu wawili kwenye gari moja. "Dereva ana mikono na miguu. Atashusha mwenyewe." Matingo wengine waliachishwa. Shemeji mtu alibahatika, akapelekwa kwenye tanuri.

Kiti cha kushoto kikabaki na kreti tupu na koti la mvua. Wiki hiyo hiyo Darubini alirudi na kioo cha kushoto kimevunjika, halafu mlango umekwaruzwa, halafu mwendesha baiskeli akamfuata mpaka kiwandani akimtukana mama yake mzazi.

"Watu wa siku hizi hawatembei," alilalamika mezani. "Wanachomoza. Unatazama, hakuna mtu. Unatazama tena, huyu hapa, kama uyoga."

*

Kilichomfungua macho mkewe ni macho yake mwenyewe. Alikata gauni la mteja vibaya, akalilipia kwa kitambaa chake, akaona bora aende kliniki kutafuta miwani. Muuguzi wa macho alimsomesha bango, akamjaribishia vioo. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Tazama pua yangu. Usiiache. Ukiona kidole changu kinacheza pembeni, sema."

Fundi akaangua kicheko. "Dada, huu si mchezo wa watoto?"

"Cheka tu. Kuna watu wanasoma bango lote, lakini kidole hiki hawakioni mpaka kiwaguse nyusi. Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Inakula pembeni kama panya kwenye gunia la mahindi. Ukilitazama kwa mbele unaona limejaa."

"Na mtu hajui?"

"Atajuaje? Usichokiona hujui kwamba umekikosa. Anadhani watu ndio wamekuwa wakorofi."

Fundi alirudi nyumbani na miwani mpya puani, na neno lile la mwisho likamwingia kama mwiba mdogo usioonekana. Watoto walimzunguka, kila mmoja anataka kuvaa. Baba yao alikuwa amejinyoosha kwenye kiti akisubiri chakula.

"Njooni niwapime," mama akasema, na sauti akaifanya ya mchezo. Akachukua kipande cha kitambaa chekundu kwenye mabaki ya kazi. Kitindamimba alikitaja kingali karibu na sikio. Binti mkubwa vile vile. "Sasa baba!" watoto wakapiga kelele. "Baba Darubini!"

Darubini alisogeza kiti, akamkodolea mkewe macho kwa vituko. Mama akakileta kitambaa upande wa kushoto, kutoka sikioni, taratibu.

"Tazama pua yangu."

"Naitazama. Pua yenyewe siku hizi imevaa vioo." Watoto wakacheka. "Haya, anza."

Mama alikuwa ameshaanza. Kitambaa kilipita sikio, kikapita shavu.

"Utaanza lini?" Darubini akauliza.

"Baba anajifanya!" kitindamimba akaruka ruka. "Baba, si hicho hapo! Anajifanya!"

Kilifika kwenye kona ya jicho. Kikapita. Kilipokaribia kuigusa pua ndipo Darubini aliposema kwa furaha, "Hicho! Nimekiona. Nimeshinda?"

Binti mkubwa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Mama akajaribu upande wa kulia. Huko palikuwa na nafuu kidogo, lakini kidogo tu. Akawaambia watoto wakalete sahani.

Walipobaki wawili alimweleza yote, pole pole, kama anavyofumua mshono bila kukata kitambaa. Darubini alisikiliza mpaka akachoka.

"Serikali imenipima. Serikali na bango lake na mhuri wake. Wewe umenipima na kiraka."

"Hukuuona."

"Nini?"

"Mkono wa Bibi wa Kona. Hukuudharau. Hukuuona."

Darubini alinyanyua mkono wake mwenyewe wa kushoto, akaunyoosha ubavuni, akatazama mbele. Akauleta karibu. Akaurudisha. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta pochi haipo. Kisha woga ukageuka ukali, kama kawaida ya woga wa wanaume.

"Ukimwambia Tajiri, ujue umelimwagia maji jiko lako mwenyewe. Shule zinafunguliwa. Mwenye nyumba amesimama mlangoni. Nitaishi kwa kufanya nini mimi, nitatunga sindano?"

"Basi nenda hospitali."

"Nitaenda. Mshahara ukitoka. Mpaka hapo nitageuza shingo. Kuku hageuzi shingo? Anagongwa?"

"Kuku wanagongwa kila siku, mume wangu."

*

Kwa Tajiri mke hakwenda. Alifika mpaka kwenye geti la kiwanda, akanusa mkate, akafikiria ada na kodi, akarudi. Ofisi ya leseni alikwenda, kwani alijiambia kwamba wale ni watu wa serikali, watajua namna ya kumwita mumewe kwa kificho, wampime upya, wala haitajulikana imetoka wapi. Alipanga foleni na madereva. Zamu yake ilipofika aliinamia dirisha, akanong'ona.

Mpimaji hakunong'ona. "Nani? Yule mzee? Mama, mumeo amesoma mpaka jina la kiwanda cha uchapaji! Umekuja kumshitaki kwa kuona sana?"

Benchi likacheka.

"Haoni pembeni. Mngempima pembeni."

"Pembeni hapo kuna nini? Gari linakwenda mbele, mama."

"Lakini watu wanatokea pembeni."

"Sikiliza. Sisi tuna bango. Kanuni ni bango. Amefaulu bango. Kama mna ugomvi wa nyumbani, nenda kwa wazee wenu, usiutumie mhuri wa serikali kumkomoa mtu. Anayefuata!"

Mmoja kwenye benchi akasema, "Huyo anataka mzee ashinde nyumbani amsaidie kuosha vyombo," na kicheko kikamsindikiza mpaka chini ya ngazi. Alitembea mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyeponea wizi.

Alimweleza kaka yake. Utingo, mwili wote unga, alikaa juu ya gunia akashika kichwa. Alikuwa akikumbuka nyimbo zake zote za kushoto. "Dada, nitamwomba Tajiri anirudishe garini." Akaomba. Tajiri akauliza kwa nini. Utingo akasema tanuri linamuumiza kifua. Tajiri akamwambia, basi aache kazi. Kweli ilikuwa ulimini, akaimeza. Wote watatu sasa walijua, na kila mmoja alikuwa akingojea mshahara utoke.

Darubini aliendesha kwa shingo. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akageuka tena, wenzake wakamcheka wakimwambia ameoa upya, anaogopa mke wa kwanza asimwone. Jioni alirudi misuli imekakamaa, mkewe akamkanda kwa maji moto.

*

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limeshatoka. Darubini alisimamisha gari kwenye kona, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akashusha mikate ya Bibi wa Kona mpaka ndani ya duka. Bibi hakumjibu salamu. Akarudi garini.

Bibi wa Kona alikuwa amesahau kumpa kreti tupu za jana. Kwa mazoea ya miaka, kreti tupu alikuwa akizipitisha dirisha la kushoto, kwa utingo. Akazibeba mbili, akatoka dukani kwa kushoto, akaikata kona ya mbele ya gari kulifuata dirisha lile. Mikono ilikuwa imejaa, asingeweza hata kupunga.

Darubini aligeuza shingo kushoto. Peupe. Akageuza kulia, lori linapita, akalingoja. Akarudisha macho mbele, akatia gia. Katikati ya peupe na gia ndimo alimoingia Bibi wa Kona, akiwa na kreti zake, kwenye kona ya gari, mahali ambapo kwa Darubini dunia ilikuwa imekwisha.

Alisikia plastiki ikivunjika. "Nimegonga kreti," aliwaambia watu waliokuja mbio. "Ni kreti tu." Aliposhuka akaona, akakaa barabarani kwenye mikate iliyomwagika. Bibi wa Kona alifia hospitali mchana wa siku ile ile, kabla mwanawe hajafika.

Mtaa haukuhitaji kesi. Kesi ulikuwa nayo tangu siku ya msiba. Mkono wake alimnyima, salamu wakakatana, na sasa amemkanyaga mchana kweupe mbele ya duka lake. Mwanamke aliyeleta kitambaa cha gauni alikuja kukichukua bila kushonwa. Akaja wa pili, wa tatu. Mmoja alimtuma mtoto, maana hakutaka kuingia. Kitindamimba alirudi kutoka shule akiuliza, "Mama, kusudi maana yake nini?"

Polisi, kwa utaratibu wao, walimpeleka mtuhumiwa ofisi ile ile ya leseni apimwe macho. Bango lile lile, mpimaji yule yule, safari hii hana mzaha. Darubini angeweza kukwama katikati, kama yule kijana wa foleni. Utingo alikuwa amemnong'oneza kituoni, "Shemeji, kosea herufi, kosea yoyote." Lakini kukosea kusoma kitu unachokiona nako kunataka mazoezi, naye hakuwahi kuyafanya. Alisoma mpaka chini. Ikaandikwa kwamba macho ya dereva ni mazima kabisa.

Ukiwa na macho mazima, basi ulimwona.

*

Mkewe alimfuata muuguzi wa macho mpaka kwenye lango la kliniki, akamshika mkono, hakumwachia. Muuguzi akasema na daktari, daktari akaandikia polisi, na baada ya kusukumana kwingi Darubini akaletwa na pingu mkononi akakalishwa mbele ya mashine ya kupima pembeni. Mashine inawasha vitaa vidogo, mtu anabonyeza kila akiona. Askari aliyemleta alisimama nyuma akiviona vyote. "Bonyeza basi, mzee," alisema mwishowe, ameshindwa kuvumilia. "Si hivyo hapo vinawaka?"

Daktari aliandika kwamba pembeni mwa macho yote mawili pamekufa, na kilichokufa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yake yote. Karatasi hiyo ikalivunja neno kusudi.

Afande mwenye faili alimwita mke ofisini. Darubini alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani. Mwanawe Bibi wa Kona, kijana mwenye nywele zilizonyolewa kwa msiba, alikuwa amesimama dirishani. Huko nje, kabla hajaingia, Utingo alikuwa amemvuta dada yake kando.

"Dada, limebaki neno moja tu. Watakuuliza kama mlijua. Sema hamkujua. Ugonjwa wa kimya, daktari mwenyewe kasema. Itakuwa ajali ya Mungu, atarudi nyumbani. Neno moja, dada. Watoto."

Sasa alikuwa kwenye kiti, na afande, mtu aliyechoka lakini si mbaya, akalisogeza swali lenyewe kwa upole, kama anayemwonyesha mtu mlango.

"Daktari anasema mgonjwa wa aina hii hajijui. Kwa hiyo, mama, hapo nyumbani hamkuwa mkijua lolote. Ndivyo?"

Mke alitazama kalamu ya afande. Akamtazama mumewe, naye akatazama chini. Akamtazama yule kijana, ambaye hakuwa akilia, alikuwa akingoja tu.

"Tulijua," akasema.

Kalamu haikusogea. "Mama, fikiri."

"Nimefikiri. Nilimpima mimi, kwa kitambaa, watoto wakiwepo. Nilimwambia. Alisema anangoja mshahara, na mimi nikangoja naye. Kwa Tajiri sikwenda kwa sababu ya ada. Ofisi ya leseni nilikwenda, nikamwambia mpimaji kwa mdomo wangu dirishani kwamba mume wangu haoni pembeni. Akanifukuza, watu wakacheka. Waulize waliokuwa kwenye foleni."

"Unaelewa kwamba ukisema hivyo unamfunga mumeo?"

"Naelewa."

"Na wewe mwenyewe hujajisafisha."

"Sikuja kujisafisha."

Yule kijana dirishani akauliza, sauti kavu, "Ulikwenda ofisi ya leseni kabla? Kabla ya mama?"

"Kabla, mwanangu."

Kijana aligeukia ukuta. Afande akamtazama Darubini, akimpa nafasi ya mwisho ya kukana, ya kusema mke huyu amechanganyikiwa. Darubini alinyanyua uso, akautafuta uso wa mkewe, akageuza shingo mpaka akaupata.

"Andika," akasema. "Andika kama alivyosema."

*

Dawa ya matone ilikuwa lazima iwekwe kila jioni, gerezani hata nyumbani. Afande aliruhusu. Mke alifika kituoni na kichupa kwenye mfuko, akapitishwa mpaka kwenye nondo. Huko nje Utingo hakutaka kuongea naye. Nyumbani cherehani lilikuwa limefunikwa, na binti mkubwa ndiye aliyepika.

Darubini aliegemeza paji la uso kwenye chuma, akainua kidevu. Mke akapitisha mkono.

"Ungesema hamkujua," alimwambia bila hasira, "jioni hii ningekuwa nimekaa kwenye kiti changu."

"Ungekuwa kwenye kiti chako. Na ile leseni bado ni hai, hakuna aliyeifuta. Mwezi ujao tungekosa unga, ungetoka kutafuta gari, na mtu angekupa funguo. Na mimi ningekupigia pasi shati."

Tone la kwanza lilimdondokea kabla hajakiona kichupa, akashtuka.

"Tulia," mkewe akasema. "Bado la pili."